Je, ni kweli Wamarekani waliwadunga watu weusi kaswende kule Tuskegee?

SWALI: Mimi ni muuguzi katika hospitali moja ya wilaya, mkoa wa Morogoro. Hapa kwetu kuna utafiti unaendelea, na kazi yangu ni kuwaeleza washiriki na kuwasainisha fomu ya ridhaa. Mwezi uliopita mzee mmoja alikataa kusaini. Akasema mbele ya wote waliokaa kwenye benchi: "Wamarekani waliwadunga watu weusi kaswende kule Tuskegee, na nesi wao alikuwa mweusi kama wewe." Sikuwa na la kumjibu, na nusu ya waliokuwa wanasubiri waliondoka. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, ilikuwaje muuguzi mweusi akakubali?

JIBU: Dada yangu, mzee huyo amekosea jambo moja na amepatia jingine. Nianze na alilokosea, maana ukishalielewa utaona kuwa ukweli ni mzito kuliko uvumi.

Hakuna aliyedungwa kaswende Tuskegee. Wanaume wale walikuwa nayo tayari. Walichofanya madaktari wa serikali ya Marekani ni kuijua, kuiandika na kuifuatilia ikila miili yao kwa miaka 40, kuanzia 1932 hadi 1972, bila kuitibu na bila kuwaambia wenyewe wanaumwa nini. Dawa ya kuponya ilipopatikana, wakafanya juhudi isiwafikie. Sindano ya kumwambukiza mtu huchukua sekunde chache, na anayeichoma anaweza kuwa mwendawazimu mmoja. Kumnyima mtu dawa kwa miaka 40 kunahitaji ofisi, bajeti, magari, barua, mikutano, na watu wengi wenye adabu zao wanaoamka asubuhi kwenda kazini.

Tuskegee ni mji ulio katika kaunti ya Macon, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Ni nchi ya pamba. Mwaka 1932 wakazi wengi walikuwa watu weusi, wajukuu na vitukuu vya watumwa, waliolima mashamba ya wengine na kugawana mavuno na mwenye ardhi. Wengi hawakujua kusoma. Wengi hawakuwahi kupimwa na daktari tangu wazaliwe, kwa sababu daktari alitaka fedha na fedha haikuwepo. Ulikuwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, bei ya pamba imeanguka, na njaa haikuwa mbali.

Miaka michache kabla yake kulikuwa na jambo jema. Mfuko wa Rosenwald, uliojenga shule nyingi za watoto weusi kusini, ulishirikiana na Idara ya Afya ya Umma ya Marekani kupima na kutibu kaswende katika kaunti sita, Macon ikiwa mojawapo. Pale Macon walikuta zaidi ya theluthi moja ya waliopimwa wana dalili za ugonjwa kwenye damu. Matibabu ya wakati ule yalikuwa ya aseniki na zebaki au bismathi, sindano baada ya sindano kwa zaidi ya mwaka mzima. Yalikuwa makali na hayakuwa kamili, lakini yalisaidia. Kisha uchumi ukaanguka, mfuko ukaishiwa, na mradi ukafungwa.

Hapo ndipo wazo lilipozaliwa. Daktari Taliaferro Clark wa Idara ya Afya ya Umma aliona kuwa Macon ina wagonjwa wengi ambao hawajatibiwa na wala hawana uwezo wa kujitibia. Badala ya kuuliza fedha ya dawa itapatikana wapi, aliona nafasi ya kuwachunguza kama walivyo. Norway, kati ya 1891 na 1910, kulikuwa na wagonjwa karibu 2,000 ambao daktari wao hakuwapa zebaki kwa sababu aliamini ina madhara kuliko faida, na kumbukumbu zao zilichambuliwa baadaye. Wale walikuwa wazungu. Madaktari wengi wa Marekani waliamini kwamba kaswende humshambulia mzungu kwenye ubongo na mweusi kwenye moyo, kana kwamba bakteria husoma rangi ya ngozi. Walitaka kulithibitisha hilo.

Wakasajili wanaume wapatao 600, kila mmoja mwenye umri wa miaka 25 au zaidi: 399 wenye kaswende iliyojificha, na 201 wasio nayo, wawe wa kulinganishwa nao. Hawakuambiwa neno kaswende. Waliambiwa wana "damu mbaya", msemo wa mitaani kule uliobeba kila kitu, uchovu, upungufu wa damu, maumivu ya mgongo, hata kukosa usingizi. Waliambiwa watatibiwa bure. Mwanzoni walipewa zebaki na aseniki kidogo sana, chini kabisa ya kipimo cha kuponya. Baadaye zilibaki aspirini na dawa za kuongeza damu. Aliyewahi kupewa panadoli kwa ugonjwa asioambiwa jina lake anaweza kuonja kidogo uchungu huo.

Mpango ulikuwa wa miezi michache tu. Clark alipostaafu, Daktari Raymond Vonderlehr aliyemrithi aliamua kuuendeleza mpaka wagonjwa wafe, kwa sababu maiti ikipasuliwa ndipo moyo na mishipa huonekana vizuri. Mwenzake, Daktari Oliver Wenger, alimwandikia mwaka 1933 sentensi ambayo huwa nawasomea wanafunzi wangu polepole, mara mbili: kwa kadiri anavyoona yeye, hawana haja tena na wagonjwa hawa mpaka watakapokufa.

Mwaka huohuo walihitaji maji ya uti wa mgongo ili waone kama ugonjwa umeingia kwenye ubongo. Wewe ni muuguzi, umewahi kumshikilia mgonjwa akitolewa maji hayo, unajua kichwa kinavyouma siku zinazofuata. Wakijua kwamba wanaume wakiambiwa ukweli hawatakuja, waliwatumia barua yenye nembo za afya za serikali. Iliwaambia kwamba sasa watapata uchunguzi wa pili, na baada yake matibabu maalumu kama itaonekana wako katika hali ya kuweza kuyastahimili. Ikamalizia kwa herufi kubwa: KUMBUKA HII NI NAFASI YAKO YA MWISHO YA MATIBABU MAALUMU YA BURE. HAKIKISHA UNAONANA NA NESI. Walikuja. Wakachomwa mgongoni, wakaamini wametibiwa.

Sasa tufike kwa huyo nesi, maana swali lako hasa liko hapo.

Aliitwa Eunice Rivers. Alizaliwa 1899 jimbo la Georgia, binti wa familia ya wakulima. Alisomea uuguzi palepale Taasisi ya Tuskegee, chuo kilichoanzishwa 1881 na kujengwa na Booker T. Washington, fahari ya watu weusi Marekani nzima. Alihitimu 1922. Miaka iliyofuata alizunguka vijijini Alabama na shule iliyosafiri kwa gari kuwafuata wakulima, akiwafundisha akina mama usafi, uzazi salama na kulea watoto. Watu walimjua na kumpenda. Mwaka 1932 alikuwa msimamizi wa zamu ya usiku katika hospitali ya chuo alipopewa kazi ya utafiti huu. Aliifanya mpaka alipostaafu mwaka 1965, na hata baada ya hapo aliendelea kusaidia. Madaktari wa serikali walikuja na kuondoka, wengi wao vijana wanaopita kwenda kwenye vyeo. Rivers ndiye aliyebaki.

Kazi yake ilikuwa kuwafanya wanaume wale wasitoke. Aliwafuata mashambani kwa gari, akawapeleka hospitali na kuwarudisha. Fikiria mwaka 1935, mkulima mweusi Alabama anakaa ndani ya gari lenye nembo ya serikali, anapita katikati ya mji, majirani wanamwona. Walijivunia safari hizo. Aliwapelekea vikapu vya chakula na nguo kuukuu kwa familia zilizozidiwa. Alijua majina ya watoto wao. Alikaa nao misibani, safu moja na ndugu wa marehemu. Wanaume walijiona ni chama, na chama hicho wakakipa jina lake.

Msiba nao ulikuwa sehemu ya kazi. Mfuko wa Milbank wa New York ulitoa dola 50 za mazishi kwa kila familia itakayokubali maiti ipasuliwe. Sisi tunaojua uzito wa kumzika mtu kwa heshima hatuhitaji kuelezwa dola 50 zilimaanisha nini kwa mjane asiye na kitu. Rivers ndiye aliyekwenda kuomba ruhusa hiyo kwa wajane, na ni wachache mno waliomkatalia. Mfuko huo uliomba radhi hadharani mwaka 2022, miaka 87 baada ya kuanza kutoa fedha hizo.

Kwa nini alikubali? Huwa nawapa wanafunzi wangu wa uuguzi habari za Rivers kila mwaka, na kila mwaka darasa linagawanyika, wengine wanalia na wengine wanakasirika. Mimi nitakueleza ninavyoona.

Aliletewa kazi hiyo na watu aliowaamini: mkuu wa chuo chake, Robert Moton, na daktari mkuu wa hospitali yake, Eugene Dibble, wote weusi. Nao waliona fursa ya mafunzo kwa madaktari na wauguzi wao wachanga, na heshima ya chuo kushirikiana na serikali kuu. Mfumo wa wakati ule ulimwambia muuguzi kuwa daktari akiamua, yeye hatii tu bali haulizi. Alikuwa mwanamke mweusi katika jimbo ambalo mweusi aliyemjibu mzungu vibaya aliweza kuuawa. Na nadhani jambo zito zaidi ni kwamba aliyaona mema kwa macho yake kila siku: watu ambao hawangegusika na daktari walipimwa presha, walisikilizwa moyo, walipata lifti, chakula, faraja. Ukilinganisha na majirani wasio na lolote, wanaume wake walionekana wamebahatika. Hivyo ndivyo alivyojieleza hata uzeeni.

Lakini, dada, alijua. Mwaka 1953 ilichapishwa makala ya kitaalamu ambayo jina lake ndilo la kwanza kati ya waandishi, ikieleza miaka 20 ya kuwafuatilia wanaume hao na mbinu zilizowafanya waendelee kuja. Mwaka 1958 alipewa tuzo ya wizara kwa utumishi wake. Aliandamana na wanaume wale miaka yote ambayo penisilini ilikuwa kwenye kabati za zahanati. Mimi simwoni kuwa mwovu. Namwona ni muuguzi mwema aliyewapenda wagonjwa wake, na upendo huo ukawa ndio kamba iliyowafunga. Bila yeye utafiti usingefika miaka mitano. Ndiyo maana mzee wako alimtaja, na ndiyo maana maneno yake yalikuuma.

Habari ya penisilini nayo isipite hivihivi. Mwaka 1943 ilionyeshwa kuwa inaponya kaswende, na kufikia 1947 ilikuwa tiba ya kawaida Marekani. Serikali hiyohiyo ilifungua vituo vya kutibu kwa haraka nchi nzima. Wanaume wa Tuskegee waliwekwa kwenye orodha ya wasiotakiwa kutibiwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, wapatao 250 kati yao waliandikishwa kwenye orodha ya wanaoweza kuitwa jeshini, na jeshi lilimtaka kila mwenye kaswende atibiwe. Idara ya Afya ya Umma iliomba majina yao yaondolewe, na ombi likakubaliwa. Herman Shaw, mkulima mmoja wa kundi lile, alisimulia jinsi alivyopelekwa na wengine kutibiwa Birmingham, mji wa hukohuko Alabama, akalala pale, na asubuhi nesi akamwambia hakupaswa kuwapo. Wakampandisha basi, akarudishwa nyumbani na ugonjwa wake.

Mwaka 1958 walionusurika walipewa cheti chenye sahihi ya mkuu wa afya wa taifa, kikiwashukuru kwa kushiriki miaka 25, pamoja na dola 25. Dola moja kwa kila mwaka.

Na usidhani ilikuwa siri. Taarifa ya kwanza ilichapishwa 1936 katika majarida ya tiba, na nyingine zaidi ya kumi zikafuata, kichwa cha habari kikisema wazi kuwa ni kaswende isiyotibiwa kwa mwanamume mweusi. Madaktari wa Marekani na wa nchi nyingine walizisoma. Mwaka 1947 mahakama ya Nuremberg iliwahukumu madaktari wa Hitler na kuacha kanuni kwamba ridhaa ya mtu anayefanyiwa utafiti ni sharti la lazima. Kanuni hiyo ilionekana kuwahusu Wajerumani. Mwaka 1965 daktari kijana wa moyo, Irwin Schatz, alisoma mojawapo ya makala hizo akaandika barua ya kushangaa na kulaani. Barua ikawekwa kwenye faili pamoja na maelezo kwamba haitajibiwa.

Aliyeivunja kuta ni mtu wa cheo cha chini kabisa. Peter Buxtun alizaliwa Prague 1937, familia yake ikakimbilia Marekani kuwaepuka Wanazi. Kazi yake katika Idara ya Afya ya Umma, San Francisco, ilikuwa kuwahoji wagonjwa wa zinaa ili kuwatafuta wenzi wao. Siku moja chumba cha kahawa alisikia wenzake wakizungumzia mzee wa Macon aliyechanganyikiwa akili. Familia ilikuwa imempeleka kwa daktari wa mji mwingine, daktari akatambua kaswende na kumchoma penisilini, na wakubwa wa utafiti wakamkaripia daktari huyo kwa kuharibu mmoja wa watu wao. Buxtun akaomba nyaraka, akazisoma, akaandika malalamiko mwaka 1966 akilinganisha na Nuremberg. Alipoitwa Atlanta kwa wakubwa wake, alifokewa kwa muda mrefu. Akaandika tena 1968. Mwaka 1969 wakubwa waliitisha jopo la madaktari kujadili, na jopo likaamua utafiti uendelee. Mmoja tu ndiye aliyesisitiza wanaume hao watibiwe. Hakuna hata mmoja kati ya wanaume wenyewe aliyeitwa kwenye kikao hicho.

Mwishowe Buxtun alimpa nyaraka mwandishi mmoja wa shirika la habari la Associated Press, naye mwandishi huyo akazipitisha kwa mwenzake, Jean Heller. Habari ilitoka tarehe 25 Julai 1972, na siku iliyofuata ilikuwa ukurasa wa mbele wa New York Times. Kufikia Novemba utafiti ulikuwa umefungwa. Hapo wanaume 74 kati ya wale wenye ugonjwa walikuwa bado hai. Waliokufa kwa kaswende yenyewe walikadiriwa kuwa angalau 28, na huenda zaidi ya 100. Wengine walipofuka au kupata kichaa. Wake waliambukizwa, na watoto walizaliwa nayo. Wanaume wengi walijifunza jina la ugonjwa wao kutoka redioni na magazetini.

Wakili Fred Gray, mweusi wa Alabama aliyewahi kumtetea Rosa Parks, mwanamke mweusi aliyekataa kumpisha mzungu kiti cha basi, alifungua kesi 1973. Mwaka uliofuata serikali ilikubali kulipa dola milioni 10 nje ya mahakama. Aliyekuwa hai na mgonjwa alipata dola 37,500, na walionusurika wakaahidiwa matibabu maisha yao yote, ahadi iliyopanuliwa baadaye kwa wake, wajane na watoto. Hakuna daktari aliyeshtakiwa kwa jinai. Rais Bill Clinton aliomba radhi kwa niaba ya taifa tarehe 16 Mei 1997, wazee wanane tu wakiwa bado hai, na Herman Shaw, yule aliyerudishwa kwa basi, akasimama Ikulu ya Marekani akiwa na miaka 94 na kuzungumza. Wa mwisho wao, Ernest Hendon, alifariki Januari 2004.

Basi uvumi wa sindano ulitoka wapi? Umeenea sana, hata kwa Wamarekani weusi wenyewe, na nadhani akili ya mtu hukataa kuamini kuwa kumtazama tu mtu akifa kunaweza kuwa mpango wa serikali, hivyo huongeza sindano ili uovu ueleweke. Lakini kuna jambo jingine ambalo mzee hakulijua na linamkaribia. Mwanahistoria Susan Reverby, aliyeandika mengi juu ya Tuskegee na juu ya Rivers, alipekua nyaraka za Daktari John Cutler zilizohifadhiwa chuo kikuu cha Pittsburgh. Humo akakuta kwamba kati ya 1946 na 1948, Idara ileile ya Afya ya Umma, kwa idhini ya maofisa wa Guatemala, iliwaambukiza watu makusudi magonjwa ya zinaa, yaani kaswende, kisonono na pangusa: wafungwa, askari, makahaba na wagonjwa wa akili. Zaidi ya watu 1,300 waliwekwa kwenye hatari hiyo, na si wote waliotibiwa. Habari ilitangazwa 2010, na Rais Obama akampigia simu rais wa Guatemala kuomba radhi. Cutler huyo alikuwa amefanya kazi pia Tuskegee, na aliutetea utafiti ule hadharani mpaka miaka ya 1990. Kwa hiyo mzee akisema Wamarekani waliwadunga watu kaswende, mwambie hilo lilitokea kweli, lakini ni Guatemala, si Tuskegee.

Huko Marekani kila muuguzi anayesainisha watu fomu anafanya hivyo, kwa sehemu kubwa, kwa sababu ya Macon. Sheria ya utafiti ya 1974 na Ripoti ya Belmont ya 1979, inayoeleza misingi ya maadili ya utafiti, zilizaliwa na aibu hiyo, na kamati za maadili zikawa lazima. Kanuni hizo zimefika mpaka kwenye fomu yako na kwenye kibali cha NIMR, taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa tiba, kilichobandikwa ukutani hospitalini kwako. Hata hivyo imani haikurudi. Mwaka 2018 wanauchumi wawili, Marcella Alsan na Marianne Wanamaker, walionyesha kuwa baada ya habari ya 1972, wanaume weusi walipunguza kwenda hospitali, na makadirio yao ni kwamba umri waliotarajiwa kuishi waliofikia miaka 45 ulipungua kwa hadi mwaka mmoja na nusu. Hao ni watu ambao hawakuwahi kukanyaga Tuskegee.

Nasi limetugusa. Mwaka 1997, mwaka uleule wa radhi ya Clinton, jina la Tuskegee lilitajwa kuhusu Afrika Mashariki. Wakati ule ilikwishajulikana kuwa dawa ya AZT hupunguza sana maambukizi ya VVU kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, lakini ilikuwa ghali mno. Majaribio ya kutafuta dozi fupi na nafuu yalifanyika katika nchi maskini, na katika baadhi yake, likiwamo lile lililohusisha Dar es Salaam na Kampala, kundi moja la akina mama lilipewa vidonge visivyo na dawa. Madaktari Peter Lurie na Sidney Wolfe waliandika kwamba Marekani hilo lisingeruhusiwa, na mhariri wa jarida lililochapisha makala yao akalifananisha na Tuskegee. Daktari Edward Mbidde, mtafiti wa Uganda, alijibu kwa ukali kwamba ni utafiti wa Waganda, unaofanywa na Waganda, kwa ajili ya Waganda. Mimi siamini kuwa ilikuwa Tuskegee. Akina mama waliambiwa wanaumwa nini, na lengo lilikuwa dawa ambayo wao wangeweza kuipata. Lakini naelewa kabisa kwa nini swali liliulizwa, na ninashukuru liliulizwa kwa sauti.

Sasa mzee wako. Akirudi, usimwanzie fomu. Mtoe kwenye benchi, mpe kiti, mwamkie, mwambie kwamba alichosema kina ukweli mkubwa na umeusoma. Mweleze kuwa hawakudungwa, walinyimwa. Mtajie Eunice Rivers kwa jina, usimfiche. Kisha mpe nafasi akuulize yale ambayo wanaume wa Macon hawakupata nafasi ya kuyauliza. Ugonjwa wangu unaitwaje? Hii mnayonichoma ni tiba au ni kipimo? Dawa bora ikipatikana katikati ya utafiti, nani ataniambia, na lini? Nikiacha kesho, mtaendelea kunitibu hapa hospitalini kama kawaida? Nauli na sabuni mnayonipa, nikikataa mtanidai?

Jiulize hayo wewe mwenyewe leo jioni, moja baada ya jingine, kwa sauti. Kama kuna hata moja ambalo huna jibu lake, mtafute mtafiti mkuu wenu akujibu, na mpaka akujibu, usimwite mshiriki mwingine kutoka kwenye benchi lile.